Historia ya Daftari la Dhahabu la Klondike

Ukifika Dawson, ukingoni mwa mto Yukon nchini Kanada, utaonyeshwa jengo kubwa la mbao lililojengwa mwaka 1901 kwa ramani ya Thomas Fuller. Humo zilikaa ofisi za serikali ya eneo la Yukon mpaka makao makuu yalipohamia Whitehorse mwaka 1953. Leo ni makumbusho. Jengo ni zuri, ila asili ya mji huo, yaani ugunduzi wa dhahabu ya Klondike, haikuandikwa humo. Iliandikwa mahali paitwapo Forty Mile mwaka 1896, kwa Inspekta Constantine wa polisi, tena iliandikwa kombo.

Waliokwenda kuandikisha ugunduzi huo ni George Carmack na Charlie. Carmack alitia dhahabu ndani ya ganda la risasi, akawaonyesha watu kwenye baa ya McPhee, kisha akajiandikisha kuwa mgunduzi. Sheria ilimpa kila mtu kitalu cha futi 500, mgunduzi viwili. Keish, shemeji ya Carmack na mjomba wa Charlie, ambaye Wazungu walimwita Skookum Jim, alibaki nyuma akilinda vitalu.

Keish huyu alikuwa wa ukoo wa Dakl'aweidi; kwao ukoo hufuata mama, si baba. Wazee wa Tagish, watu wake Keish, husimulia kwamba siku moja alimkuta chura shimoni, ameshindwa kutoka, akamwokoa. Baadaye Keish alipoumia, chura akaja akamlamba jeraha likapona. Kisha akamjia ndotoni kwa sura ya mwanamke mwenye fimbo ya dhahabu, akamwelekeza upande mto unakoteremkia. Huko ndiko alikokwenda na mpwa wake Charlie kumtafuta dada yake, Shaaw Tláa, yaani Kate, mke wa Carmack.

Basi tarehe 16 Agosti Keish aliinama kijitoni kunywa maji, akaiona dhahabu. Shemeji yake alikuwa amelala. Carmack akamwambia ofisi haitakubali mwenyeji aandikwe mgunduzi. Ndivyo wasemavyo wazee, nami nawaamini.

Robert Henderson, mtafuta dhahabu mwingine, wakati huo alikuwa bonde la jirani. Baada ya ugunduzi huo, Joe Ladue alianzisha mji wa Dawson. Watu wa Chifu Isaac, wenyeji wa hapo, wakahamia Moosehide.

Charlie alikufa maji mwaka 1908. Keish alifariki mwaka 1916, mali yake akaiacha wakfu kwa watu wake. Kate, aliyeachwa na Carmack, alifariki mwaka 1920. Ukumbi wa Heshima wa Madini wa Kanada uliwaingiza Carmack, Henderson, Keish na Charlie mwaka 1999. Kate aliingizwa mwaka 2019.