Kamba ya Msituni: Sumu ya Mshale, Dawa ya Moyo

Mwenyeji wa Walikale hahitaji kufundishwa kazi ya kamba za msituni. Kwa kamba hizo hufunga miti ya nyumba na kutega wanyama. Mwenzake wa Masisi naye aijua mimea itambaayo ya milimani. Wazee wa pande zote mbili wanajua kwamba katika mimea hiyo mna dawa, tena mna sumu. Mara nyingine zote mbili hukaa katika kamba moja. Ndivyo ilivyo strofanto, ambayo jamaa zake huota pia katika Kongo yetu.

Habari yake ilianzia mbali, penye mto Shire, katika nchi ya Malawi ya leo. Wawindaji wa huko walisaga mbegu zake, wakapaka mishale. Sumu hiyo waliiita kombe. Ikiingia katika damu, husimamisha moyo wa mnyama.

Kati ya 1858 na 1863 daktari John Kirk, ambaye baadaye alikuwa konseli wa Waingereza huko Unguja, alisafiri pande hizo pamoja na Livingstone. Siku moja alipiga mswaki uliokuwa umeguswa na sumu ile. Akasikia uchungu mdomoni. Akapima mshipa wa mkono wake, akaona moyo unapiga polepole kuliko kawaida.

Mmea ukapelekwa Edinburgh, katika Uskoti. Profesa Thomas Fraser akauchunguza miaka mingi, na tangu 1885 dawa yake ikaanza kuenea kwa wagonjwa wa moyo. Mwaka 1906 Mjerumani Albert Fraenkel akaitia mishipani kwa sindano. Siku hizi dawa nyingine zimechukua mahali pake kwa sehemu kubwa.

Basi tujifunze nini? Kwanza, kilichogeuza sumu kuwa dawa ni kipimo. Amnyweshaye mgonjwa maji ya kamba kwa kubahatisha anahatarisha roho ya mtu. Pili, elimu hiyo ilitoka kwa wawindaji. Vitabu vyawataja Kirk na Fraser kwa majina. Wawindaji wa Shire hutajwa kwa jumla tu.

Sisi tusiwasahau wazee wetu namna hiyo. Ninyi vijana, kaeni nao, mwulize jina la kila kamba, mahali inapoota, na ugonjwa inaoutibu. Mkaandike pamoja na jina la mzee aliyewaambia. Lakini mgonjwa mpelekeni hospitali, mkamweleze daktari bila haya ni dawa gani amekwisha kunywa.