Soketi ya Nini?

Msimu wa pamba ukifunguliwa, Fuso huwa nyingi Dutwa, kwenye barabara ya Lamadi kwenda Bariadi, na mafundi umeme hawakosi kazi. Swali moja huwarudia kila mara: utingo ameona plastiki yenye nyaya inaning'inia karibu na injini, haijachomekwa popote. "Fundi, hii soketi ya nini?"

Vitabu vya ufundi vingeandika kiunganishi. Neno zuri, ila lina ajira tayari kwenye sarufi, pamoja na "na" na "lakini". Plagi nayo haifai: kwa fundi wa magari, plagi ni ile inayotoa cheche kwenye injini ya petroli. Ndiyo maana gereji imechukua soketi, ya ukutani, ikaipa vipande vyote viwili: dume na jike. Naona gereji iko sahihi, kwa sharti moja. Utazame chuma, usitazame plastiki. Dume nyingi zina ganda lenye uwazi, pini zimejificha ndani, na asiyezoea huziita jike.

Tofauti hiyo si ya maneno tu. Upande unaoleta umeme kwa kawaida hufanywa jike, ili chuma chenye moto kisiguse bodi. Kwa hiyo jike linaloning'inia huenda linasubiri kifaa. Dume huenda ni la kifaa kilichokosa umeme.

Jina kamili huletwa na "ya": soketi ya taa, soketi ya sensa ya joto. Kulipata kunataka subira. Hesabu matundu. Angalia kama kuna mpira wa kuzuia maji. Soma rangi pamoja na mstari wake, maana nyekundu tupu na nyekundu yenye mstari mweusi ni nyaya mbili tofauti. Kwenye magari mengi ya Kijapani nyeusi ni hasi. Wajerumani hutumia kahawia. Kisha pima kwa mita, swichi ikiwa imezimwa, halafu ikiwa imewashwa. Lori kubwa lina betri mbili za volti 12 zilizofuatana, hivyo tarajia 24. Umeme ukiwepo hata swichi ikizimwa, waya unatoka betri moja kwa moja kupitia fyuzi. Ukija na swichi tu, tafuta kifaa kinachofanya kazi gari likiwashwa. Na tafadhali, usitoboe ganda la waya kwa sindano: maji yataingia, na kutu itamaliza shaba polepole.

Mara nyingine kifaa hakipo kabisa. Kiwanda hutandaza wayaringi moja kwa magari yenye vifaa tofauti, na lako halikupewa taa za ukungu. Hiyo ningeiita soketi ya akiba. Izibe, ifunge kwa tepu kwenye fungu la nyaya, mbali na ekzosi, suka aondoke na mzigo wake.