Hawa Ndio Waliopamba Kuta za Fez, Ila Majina Yao Hayajulikani

Wadau wa mambo ya ndani ya nyumba mmeshaziona zile picha. Ukuta wa bafuni au wa jikoni umejaa vigae vidogo vidogo vya kijani, bluu na nyeupe, vimepangwa nyota kwa nyota, na pembeni kuna taa ya shaba yenye matundu inayomwaga vivuli ukutani. Watu wanasifia, wanauliza bei, wakitajiwa wanakaa kimya. Wengi wanadhani ni fasheni iliyoingia juzi.

Siyo ya juzi hata kidogo. Nyumbani kwake ni Fez, mji wa kale wa Moroko, na vigae hivyo huitwa zeliji. Neno hilo lilivuka bahari hadi Hispania na Ureno likawa azulejo, jina ambalo Wareno wanaita vigae vyao mpaka leo. Kila mtu anaujua uzuri wake. Swali ambalo ni nadra kuulizwa ni hili: nani alivikata?

Kazi inaanza kwenye udongo unaochimbwa karibu na mji. Unalowekwa, unakanyagwa kwa miguu mpaka ulainike, unatengenezwa vipande vya mraba vya kama sentimita 10, unaanikwa juani, unachomwa. Halafu vipande vinapakwa rangi na kurudishwa kwenye tanuru mara ya pili, na hapo rangi inageuka kuwa kama kioo. Kijani kinatokana na shaba, bluu inatokana na kobalti. Kuni zenyewe kwa desturi ni mabaki ya zeituni zilizokwisha kukamuliwa mafuta, na moshi wake ni mweusi kwelikweli.

Mpaka hapo ni kigae cha kawaida tu. Sasa anakuja mkataji. Anakaa chini, mbele yake kuna kipande cha chuma, mkononi ana nyundo nzito yenye makali. Umbo limeshachorwa juu ya kigae kwa wino, na yeye anafuata mstari kwa mapigo madogo madogo, tik, tik, tik, mpaka inatoka nyota ya pembe nane, ile inayofananishwa na muhuri wa Suleiman. Au inatoka msalaba, au kijiti chembamba kama njiti ya kiberiti. Kwa nyuma anazichonga kingo ziingie ndani kidogo, ili mbele vipande vikutane bila kuacha nafasi. Pigo moja likienda vibaya, kigae kimepasuka, anza upya. Na ukuta mmoja unakula maelfu ya vipande.

Lakini anayewaacha watu midomo wazi ni mpangaji. Huyu anapanga vipande sakafuni kifudifudi! Uso wenye rangi uko chini, yeye anaona migongo ya udongo tu, yote inafanana. Nyeupe iko wapi, kijani kiko wapi, anajua kichwani mwake. Akimaliza, plasta au saruji inamwagwa juu, ikikauka bamba zima linainuliwa na kusimamishwa ukutani. Hapo ndipo rangi inaonekana kwa mara ya kwanza, na kama kuna kosa, kila mtu ataliona.

Kijana aliyeanza kazi hii utotoni alihitaji miaka mingi kabla ya kuaminiwa kupanga. Aliyefuzu kabisa aliitwa maalem. Neno hilo asili yake ni ile ile ya neno letu mwalimu, na kwa kweli linamfaa.

Tuje sasa kwenye jengo lenyewe. Kati ya miaka ya 1350 na 1356, Sultani Abu Inan wa ukoo wa Wamarini alijenga madrasa katikati ya Fez, inayoitwa kwa jina lake, Bou Inania. Ukiingia uani, chini ni zeliji mpaka usawa wa kifua hivi, juu yake plasta iliyochongwa kama lesi, na juu kabisa mbao za mwerezi. Jicho halipati pa kupumzika. Ndani kuna maandishi ya kwenye jiwe yanayomtaja sultani na mali alizoziwekea madrasa wakfu. Sultani tunamjua. Mali za wakfu tunazijua. Waliokaa chini wakagonga nyundo miaka yote ile, hatuwajui.

Kuna simulizi inayopendwa sana pale mjini. Inasemwa kwamba ujenzi ulipokwisha, sultani aliletewa daftari la gharama. Hesabu ilikuwa kubwa ya kutisha. Yeye hata hakusoma, akalitupa mtoni, akisema kitu kizuri hakina bei ya kuzidi.

Wanaoisimulia huwa wanamsifu kwa ukarimu. Haya, tuseme ni kweli. Daftari la gharama za ujenzi huandikwa nini ndani? Fulani kalipwa siku kadhaa, fulani kaleta udongo, fulani kakata nyota. Kama majina ya mafundi yaliwahi kuandikwa popote, basi yalikuwa kwenye daftari lile, na ndilo lililozama. Bwana mkubwa kaonekana mkarimu, mafundi wamekwenda na maji.

Na isidhaniwe kwamba zama zile hawakujali kuandika. Sultani huyo huyo alimwagiza msafiri Ibn Battuta, mzaliwa wa Tangier, asimulie safari zake, akampa na mwandishi wa kuzinakili. Kitabu kilikamilika mwaka 1355, madrasa ikiwa inamaliziwa. Ndani yake imo safari ya mwaka 1331 ya Mombasa na Kilwa, ndiyo maana watu wa pwani yetu wanakisoma mpaka leo. Mbele ya madrasa, mwaka 1357, ikakamilika saa ya maji yenye mabakuli ya shaba, na jina la mtaalamu wake likahifadhiwa. Kwa hiyo msafiri alipewa mwandishi, na mtu wa saa alikumbukwa. Mtu wa vigae, hapana.

Pwani nako kuna hadithi inayofanana na hii. Mafundi wa Kilwa Kisiwani walipachika mabakuli ya kung'aa kutoka ng'ambo kwenye dari la Msikiti Mkuu. Makaburi ya Kunduchi, Dar es Salaam, nayo yalipambwa kwa sahani na mabakuli ya Kichina, na mengi yameshang'olewa, yamebaki mashimo ya duara. Watu wa kule walikata vigae vyao, wa huku walipachika vyombo vya wageni, lakini wote walikuwa wanatafuta kitu kimoja: ukuta unaorudisha mwanga.

Maana bila mwanga zeliji ni nusu tu. Kigae kilichokatwa kwa mkono hakilali sawasawa na mwenzake, kimoja kimeinuka kidogo, kingine kimeinama, kwa hiyo mwanga ukipita kila kimoja unajibu kwa namna yake. Hata taa zilipewa heshima yake. Katika msikiti wa Qarawiyyin, hapo hapo Fez, zimetundikwa kengele za makanisa ya Hispania zilizogeuzwa kuwa taa. Moja ilitekwa Gibraltar mwaka 1333. Mafundi wa shaba waliizungushia ngazi za kubeba vikombe vya mafuta, na kengele iliyokuwa ikiita watu kwa sauti ikawa inawaangazia. Wajukuu wa ufundi huo bado wanagonga shaba kwenye uwanja wa Seffarine, na kelele zake unazisikia kabla hujafika. Taa za matundu zinazopendwa leo zimetoka kwenye mikono ya namna hiyo.

Kazi haijafa. Msikiti wa Hassan II wa Casablanca, uliokamilika mwaka 1993, uliajiri maelfu ya mafundi. Mwaka 2011 mafundi wa Fez walivuka hadi New York kujenga ua wa Kimoroko ndani ya jumba la makumbusho la Metropolitan, na safari hii waandishi wa habari waliwafuata, wakawapiga picha, wakawauliza majina. Imechukua zaidi ya miaka 650.

Tatizo sasa ni kiwanda. Kigae cha mashine chenye picha ya zeliji kinauzwa bei ya kawaida, na kwa mbali huwezi kutofautisha. Kwa karibu unaweza. Pitisha kidole: cha kiwandani ni laini na kila nyota ni pacha wa mwenzake, wakati cha mkono kina kingo zilizomeguka kidogo na rangi isiyolingana. Na taa usiiweke darini ikamulika ukuta wote kwa mpigo, iweke ubavuni, karibu na ukuta, mwanga upite juu ya vigae ukivichunguza kimoja kimoja. Kwenye picha nyingi za mitandaoni taa imewekwa vibaya, ukuta wa gharama unaonekana kama plastiki.

Kuta za zamani za Fez hukarabatiwa mara kwa mara. Kipande kikidondoka, fundi wa leo hukiokota na kukigeuza kabla ya kukata kingine cha kuziba pengo. Mbele kuna rangi ya sultani. Nyuma, kwenye udongo mkavu ambao hakuna mgeni aliyewahi kuuona, kuna alama za nyundo za aliyekikata, moja baada ya nyingine, na fundi anazisoma kwa kidole gumba kujua mwenzake alipiga kutokea upande gani.