Reli iliyochora mpaka wa Ngara bila kufika Ngara

Ngara haina stesheni ya treni. Biharamulo nayo haina. Mkazi wa Kabanga, Rulenge, Nyakahura au Lusahunga anayetaka kuona behewa la mizigo lazima asafiri hadi Isaka au Mwanza. Lakini reli ya kupita huku imetangazwa na Wajerumani, ikachorewa njia na Waingereza, ikaingizwa katika mipango ya pamoja ya nchi huru, ikapimwa na wahandisi kutoka Ulaya na Marekani, kisha ikaahidiwa tena na marais wawili mwaka 2018. Zaidi ya miaka mia imepita. Mizigo inaendelea kupita juu ya matairi.

Kwa nini mpango unaotangazwa mara nyingi hivi haujengwi? Historia ya wilaya hizi mbili inatoa jibu, na jibu hilo linatuhusu sasa, wakati reli ya kisasa inasogea kutoka Dar es Salaam kwenda magharibi.

Ndoto ya Tabora

Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Wajerumani walikuwa na wasiwasi na reli ya Waingereza. Njia ya kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901, na tangu hapo meli zikawa zinakusanya ngozi, kahawa na bidhaa nyingine za pwani ya magharibi ya Ziwa Victoria na kuzipeleka Kisumu, hadi Mombasa. Mali ya koloni la Wajerumani ikawa inatokea kwenye bandari ya jirani.

Wajerumani walijibu kwa Reli ya Kati. Ujenzi ulianza Dar es Salaam mwaka 1905, ukafika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mapema mwaka 1914. Mwaka huohuo ikaanza kazi ya tawi jipya kutoka Tabora kwenda kaskazini-magharibi, hadi kwenye kona ya Mto Kagera, karibu na maporomoko ya Rusumo. Waliiita Reli ya Rwanda. Shabaha yake ilikuwa watu wengi na mifugo mingi ya Rwanda na Burundi, nchi ambazo wakati huo zilikuwa chini ya bendera hiyohiyo.

Hapo ndipo Biharamulo na Ngara zilipoingia katika ramani za reli kwa mara ya kwanza. Ziliingia kama nchi ya kupitia. Mzigo uliohesabiwa ulikuwa wa ng'ambo ya Kagera. Agosti 1914 vita vikaanza, na kazi ikasimama.

Mpaka uliokatwa kwa ajili ya treni

Wajerumani waliposhindwa, Waingereza na Wabelgiji walikaa kugawana. Mei 1919, Lord Milner wa Uingereza na Pierre Orts wa Ubelgiji walikubaliana kwamba Rwanda na Burundi ziende kwa Ubelgiji, isipokuwa vipande vya mashariki. Uingereza ilitaka kipande cha Gisaka, mashariki mwa Rwanda, kwa sababu iliyotajwa waziwazi: ilihitaji nafasi ya kupitisha reli ya kutoka Cape hadi Cairo, magharibi mwa Ziwa Victoria. Kusini zaidi, Bugufi, iliyokuwa chini ya wafalme wa Burundi, nayo ikaangukia upande wa Tanganyika.

Mfalme Musinga wa Rwanda na wamisionari Wakatoliki walipinga kukatwa kwa Gisaka, na malalamiko yakafika hadi Shirika la Mataifa huko Geneva. Mwanzoni mwa mwaka 1924 Gisaka ikarudishwa Rwanda. Bugufi haikurudi, ingawa Burundi ililalamika kwa miaka mingi. Ikabaki Tanganyika, na leo pamoja na Bushubi ndiyo Wilaya ya Ngara, nchi ya Wahangaza na Washubi. Familia zilizokuwa chini ya mwami (mfalme) mmoja zikajikuta katika nchi mbili.

Reli ya Cape hadi Cairo haikufika hata Tabora. Waingereza walipojenga njia mpya kutoka Tabora, waliielekeza Mwanza, na treni ikafika huko mwaka 1928. Walifuata pamba ya Usukuma, mzigo uliokuwa tayari shambani. Ngara ikabaki na mpaka uliokusudiwa kupitisha reli, bila reli yenyewe.

Mizigo ikatafuta njia zake

Watu hawakukaa kuisubiri. Katika miaka ya 1930 wakulima wa Bugufi walikuwa na chama chao cha ushirika cha kahawa, miongoni mwa vyama vya mwanzo vya namna hiyo nchini. Kahawa ilitoka milimani kwa vichwa vya watu, baadaye kwa malori. Biharamulo ilitazama ziwa: bandari ya Nyamirembe ilipokea meli kutoka Mwanza, na kutoka Mwanza mzigo ukapanda treni. Kwa muda mrefu hiyo ndiyo ilikuwa reli ya Biharamulo, nusu yake ikiwa juu ya maji. Baadaye ilipokatwa Wilaya ya Chato, Nyamirembe ikaenda Chato, na Biharamulo ikabaki bila ufukwe huo.

Uhuru ulileta mpango wa pamoja. Agosti 1977 Tanzania, Rwanda na Burundi zilitia saini Rusumo mkataba wa kuunda shirika la kuendeleza bonde la Mto Kagera. Uganda ilijiunga mwaka 1981. Shirika lilikuwa na ajenda nzito: umeme wa maporomoko ya Rusumo, barabara, mawasiliano, na reli ya kuunganisha nchi zisizo na bahari na bandari ya Dar es Salaam. Reli ilichunguzwa na kuandikiwa ripoti. Barabara ndiyo iliyojengwa. Lami ya kutoka Isaka, kupitia Kahama, Nyakanazi na Lusahunga hadi Rusumo ikawa mshipa wa biashara ya Rwanda, na tawi la kwenda Kabanga likahudumia Burundi.

Uwezo wa njia hiyo ulipimwa Aprili 1994. Mwishoni mwa mwezi huo, wakimbizi wa Kinyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo ndani ya takriban saa 24, wakapiga kambi Benaco, wilayani Ngara. Kulisha mji mkubwa uliozuka kwa usiku mmoja kulihitaji ratiba kali. Chakula kilishushwa bandarini Dar es Salaam, kikapanda treni hadi Isaka, kikahamishiwa kwenye malori hadi Ngara. Behewa likichelewa Isaka, mgawo ulikuwa hatarini kupungua kambini. Wakazi wa Ngara waliona kwa macho yao kazi ya reli hata inapokomea mbali, na waliona pia gharama ya kuikosa: barabara kuliwa na malori, misitu kukatwa, bei za sokoni kuyumba hadi wakimbizi waliporudishwa kwao Desemba 1996.

Isaka ikawa bandari kavu. Mpaka leo kontena la Kigali au Bujumbura linaweza kufika hapo kwa treni kisha likamalizia safari kwa lori. Ngara na Biharamulo zinaona nyuma ya lori tu, zikiuza chakula, vipuri na vitanda vya kulala kwa madereva na utingo.

Oda kwanza, kiwanda baadaye

Ili kuelewa kwa nini reli haikutoka Isaka kwenda Rusumo, inafaa kutazama viwanda vinavyotengeneza treni ndogo, zile za mfano wanazokusanya watoto na watu wazima huko Ulaya, Marekani na Japani. Märklin, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1859 huko Göppingen, Ujerumani, ilipeleka kwenye maonyesho ya Leipzig mwaka 1891 seti ya treni ambayo mnunuzi angeweza kuiongezea reli na mabehewa mwaka hadi mwaka. Siku hizi biashara hiyo inakwenda kwa matangazo. Kiwanda huchapisha orodha ya modeli mpya, mara nyingi mwanzoni mwa mwaka wakati wa maonyesho ya vitu vya kuchezea ya Nürnberg. Modeli zenyewe bado hazipo. Kilichopo ni michoro na bei.

Baada ya tangazo, wauza jumla na wenye maduka hutoa oda hadi siku ya mwisho iliyowekwa. Kiwanda hujumlisha oda, hupanga idadi, kisha huomba nafasi kwenye karakana, ambazo nyingi sasa ziko China. Modeli ikikosa oda za kutosha, husogezwa mbele au hufutwa. Ikitimiza, hutengenezwa kwa mkupuo mmoja, hujazwa kwenye kontena, husafiri wiki kadhaa baharini, hufika kwa msambazaji na kugawiwa madukani kulingana na oda. Kampuni kama Walthers ya Milwaukee, Marekani, iliyoanza mwaka 1932, imekuwa mtengenezaji na msambazaji kwa pamoja, na inajua kwamba duka lisilotoa oda mapema huenda lisipate kitu. Wanunuzi wamezoea kusubiri miezi, hata miaka, kati ya tangazo na kifurushi.

Reli ya kweli inafuata kanuni hiyohiyo kwa mabilioni ya dola. Mkopeshaji huuliza kwanza: mzigo wa nani, tani ngapi, kwa miaka mingapi? Kila mara reli ya Rusumo ilipotangazwa, tangazo lilitangulia na oda hazikufuata. Wajerumani walikisia mzigo wa Rwanda. Waingereza walitaka njia ya himaya yao. Shirika la bonde la Kagera lilikuwa na nia njema, lakini halikuwa na mteja aliyeweka saini ya tani.

Keza na Musongati

Mwishoni mwa muongo wa kwanza wa karne hii mpango ulifufuliwa kwa nguvu. Wataalamu wa Ujerumani, na baadaye wa kampuni ya reli ya BNSF ya Marekani, walipima njia ya Isaka hadi Kigali, pamoja na tawi la kwenda Burundi hadi Musongati. Njia hizo mbili zingeachana Keza, ndani ya Wilaya ya Ngara. Mji wa njia panda ya reli ungezaliwa huko: karakana, maghala, ajira, soko.

Januari 2018 Marais John Magufuli na Paul Kagame walikubaliana kujenga reli ya kisasa ya Isaka hadi Kigali, na ikasemwa jiwe la msingi lingewekwa kabla ya mwaka kwisha. Halikuwekwa. Wakati huo ujenzi wa reli hiyo ya kisasa, SGR, ulikuwa umeshaanza Dar es Salaam, mwaka 2017. Abiria walianza kupanda treni hadi Morogoro mwaka 2024, na mwaka huohuo hadi Dodoma. Vipande vya Tabora hadi Isaka, Isaka hadi Mwanza na Tabora hadi Kigoma vimekabidhiwa makandarasi.

Halafu likatokea jambo ambalo Ngara inapaswa kulitazama kwa makini. Mapema mwaka 2025 ulitiwa saini mkataba wa ujenzi wa reli ya kutoka Uvinza, mkoani Kigoma, hadi Musongati, Burundi, na Agosti mwaka huo ujenzi ukazinduliwa huko Musongati. Njia ya Burundi imepata mlango wa kusini, na Keza haimo. Sababu kubwa iko chini ya ardhi ya Musongati: nikeli. Burundi ilikuja mezani na mzigo mzito wenye mahali pa kwenda.

Ngara nayo ina nikeli. Hazina ya Kabanga imechunguzwa tangu miaka ya 1970, ikapita mikononi mwa kampuni mbalimbali za kigeni. Januari 2021 Serikali ilisaini makubaliano yaliyozaa kampuni ya Tembo Nickel, ambamo taifa lina hisa za asilimia 16, na mpango ukawekwa wa kusafisha madini hayo Kahama. Kwa hiyo kati ya Kabanga na Kahama kunatarajiwa mzigo wa kila siku kwa miaka mingi, katika njia ileile iliyochorwa tangu enzi za Wajerumani. Mgodi huo ndio mteja aliyekosekana mwaka 1914, 1919, 1977 na 2018.

Rusumo imekwisha kutufundisha

Katika ajenda ya mwaka 1977, umeme wa Rusumo nao ulikaa kwenye makaratasi kwa miongo. Ulijengwa pale Tanzania, Rwanda na Burundi zilipokubaliana mgawo kabla ya mtambo: megawati 80, kila nchi kuchukua theluthi, yaani takriban megawati 26.7. Benki ya Dunia iliuona mzigo na wanunuzi wake, ikatoa fedha, na leo mtambo unazalisha umeme kwenye maporomoko yaleyale. Daraja jipya la Rusumo na kituo cha pamoja cha forodha, vilivyozinduliwa Aprili 2016 kwa msaada wa Japani, vilifuata njia hiyohiyo: malori yalikwisha kuwepo, yakahesabiwa, yakajengewa.

Reli inaweza kufuata. Lakini halmashauri za Ngara na Biharamulo hazipaswi kusubiri tangazo lingine. Zinapaswa kuwa na daftari la pamoja la mzigo: tani za kahawa, mahindi, maharage na ndizi zinazotoka kila msimu, saruji, mbolea, mafuta na mabati yanayoingia, nikeli ya Kabanga, na bidhaa za Rwanda na Burundi zinazovuka Rusumo na Kabanga. Daftari hilo lifike Shirika la Reli, wizarani na kwa wabunge kabla usafiri wa nikeli haujafungwa kwenye mikataba ya malori kwa miongo miwili. Mkataba wa mgodi ukitaja barabara peke yake, oda kubwa kuliko zote katika historia ya njia hii itakuwa imepewa mtu mwingine.

Wakulima wa Bugufi wa miaka ya 1930 walilijua hili. Walikusanya kahawa yao pamoja kwanza, ndipo wakazungumza na mnunuzi. Watoto na wajukuu wao wana mzigo mkubwa zaidi wa kukusanya, na muda wa kuuhesabu ni sasa.