Malezi ya watoto ndani ya jamii mkoani Katavi

Malezi ya watoto ndani ya jamii mkoani Katavi ni njia ambazo familia, majirani na serikali za mitaa katika mkoa huo wa magharibi mwa Tanzania hutumia ili mtoto ambaye wazazi wake wamekwama abaki nyumbani au karibu na ndugu zake, badala ya kupelekwa kwenye makao ya watoto au kwa mlezi wa kambo asiyemfahamu. Njia hizo ni pamoja na malezi ya ndugu, ruzuku kwa kaya maskini, vikundi vya akiba, kamati za ulinzi wa watoto na walezi wa kuaminika.

Mazingira

Mkoa wa Katavi ulianzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Mkoa wa Rukwa. Makao makuu yake ni Mpanda. Idadi ya wakazi iliongezeka kutoka 564,604 katika sensa ya mwaka 2012 hadi 1,152,958 katika sensa ya mwaka 2022, yaani zaidi ya mara mbili.

Wenyeji wa eneo hilo ni pamoja na Wapimbwe, Wakonongo na Wabende. Wasukuma wengi wamehamia kutafuta mashamba na malisho, na wengine wamefuata uchimbaji wa dhahabu. Katumba na Mishamo ni makazi yaliyoanzishwa miaka ya 1970 kwa ajili ya wakimbizi wa Burundi wa mwaka 1972. Wengi wao walipewa uraia wa Tanzania, na wengine walirudi Burundi kuanzia mwaka 2008. Kwa sababu hiyo, kaya iliyohamia inaweza kuwa na shamba lakini isiwe na bibi wala shangazi wa karibu wa kuisaidia wakati wa shida.

Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015-16 ulionyesha kuwa asilimia 45 ya wasichana wa Katavi wenye umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wajawazito au wamekwisha kuzaa. Kiwango cha taifa kilikuwa asilimia 27. Hivyo katika familia nyingi mzazi anayehitaji msaada mwenyewe bado ni mtoto.

Sheria

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, inayotumika Tanzania Bara, inampa mtoto haki ya kuishi na wazazi au walezi wake, isipokuwa mahakama ikiona kuwa kuishi nao kunamdhuru. Mahakama inaweza pia kuamuru mtoto abaki nyumbani chini ya uangalizi wa afisa ustawi wa jamii. Sheria inazipa serikali za mitaa wajibu wa kulinda ustawi wa watoto katika maeneo yao, na inamtaka mwanajamii anayejua kuwa haki za mtoto zinavunjwa atoe taarifa.

Mwongozo wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2009 kuhusu malezi mbadala unasema kuwa umaskini peke yake usiwe sababu ya kumtenga mtoto na familia yake. Unapaswa kuwa ishara kwamba familia hiyo inahitaji kusaidiwa.

Malezi ya ndugu

Hii ndiyo njia ya zamani na ya kawaida zaidi. Mtoto huchukuliwa na bibi, babu, shangazi, mjomba au mama mdogo, kwa muda au mpaka akue. Kwa kawaida makubaliano hufanyika kwa mdomo kati ya wanaukoo. Tangu Novemba 2021 serikali inaruhusu wasichana waliokatiza masomo kwa sababu ya ujauzito kurudi shuleni, lakini mara nyingi hilo hutegemea kupatikana kwa ndugu wa kubaki na mtoto mchanga.

Msaada kwa familia

Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini unaendeshwa na Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF). Kaya hutambuliwa kwa kushirikisha mkutano wa kijiji. Sehemu ya ruzuku hutolewa kwa masharti kwamba watoto wahudhurie shule na kliniki. Kaya inayoongozwa na bibi anayelea wajukuu inaweza pia kuingizwa.

Vikundi vya akiba kama VICOBA hukopesha wanachama wake, na vingi vina mfuko wa jamii kwa ajili ya msiba au ugonjwa. Fedha ndogo inayopatikana mapema inaweza kuzuia kaya isiuze chakula chake au kumtoa mtoto kwenda kufanya kazi za ndani.

Kamati na walezi wa kuaminika

Kamati za ulinzi wa wanawake na watoto huundwa kuanzia ngazi ya kijiji au mtaa hadi mkoa. Kazi yake ni kutambua familia zenye matatizo, kusuluhisha na kupeleka mashauri kwa afisa ustawi wa jamii. Taarifa inaweza pia kutolewa kwa simu namba 116, bila malipo.

Mtoto asiyeweza kulala nyumbani salama anaweza kuwekwa kwa mlezi wa kuaminika. Huyu ni mkazi aliyechunguzwa na kupewa mafunzo, ambaye humtunza mtoto kwa muda mfupi wakati ndugu wanatafutwa.

Changamoto

Malezi ya ndugu mara nyingi hayaandikwi popote. Mtoto aliyechukuliwa kwa ahadi ya kusomeshwa anaweza kugeuzwa mchungaji au mfanyakazi wa nyumbani bila afisa yeyote kujua. Upande wa pili, bibi mzee anaweza kubeba mzigo wa wajukuu kadhaa peke yake. Kwa hiyo kumkabidhi mtoto kwa ndugu hakutoshi: kunahitaji kutembelewa, kusikilizwa kwa mtoto mwenyewe, na msaada unaoifikia kaya anamoishi.