Kumtafuta mpiga besi: nyimbo za zamani za filamu za Kihindi na hesabu za sauti

Leo naomba ruhusa tuache kidogo mambo ya seva na hifadhidata, tuingie kwenye muziki. Msiogope, tarakilishi itarudi kabla hatujafika mbali.

Ami yangu alipiga gitaa la besi miaka mingi katika bendi ya harusi kule Mombasa. Nyimbo za Kihindi alijifunza kwa masikio tu. Alikuwa akiingia sinema mara tatu, mara nne, filamu ile ile, na akitoka anakwenda moja kwa moja kwenye gitaa kabla hajasahau. Siku moja alinikabidhi orodha ya nyimbo kwenye karatasi, akaniambia: "Mwanangu, wewe si unajua mashine? Nitolee besi ya nyimbo hizi niisikie peke yake, nijue kama nilikuwa nikipiga sawa. Fanya upesi, masikio yangu yameanza kuaga."

Nilimwambia, "Hilo dogo, ami, nipe jioni moja." Jioni moja ikawa miezi. Nikajikuta nasoma historia ya studio za Bombay, jinsi sauti ya filamu ilivyorekodiwa, na hesabu za mawimbi nilizozikimbia chuoni. Hebu niwasimulie.

Nani alikuwa akipiga?

Chukua wimbo wa kwanza kwenye ile karatasi, "Chura Liya Hai Tumne Jo Dil Ko", wa filamu Yaadon Ki Baaraat ya mwaka 1973. Mtunzi wa muziki ni R. D. Burman, maneno ni ya Majrooh Sultanpuri, waimbaji ni Asha Bhosle na Mohammed Rafi. Haya yote utayakuta kwenye jalada la santuri. Sasa tafuta jina la aliyepiga besi. Hulipati. Majalada ya enzi zile yalimtaja mtunzi, mwandishi wa maneno na waimbaji, basi. Okestra nzima, watu makumi kadhaa pengine, haina jina.

Watu hao walikuwepo, na walikuwa mafundi. Wengi walitoka Goa, eneo la India lililotawaliwa na Wareno hadi mwaka 1961. Huko shule za parokia zilifundisha watoto kusoma noti za Kizungu ili wapige ala kanisani. Walipohamia Bombay kutafuta riziki, walipiga jazi hotelini usiku na kurekodi nyimbo za filamu mchana. Anthony Gonsalves, Sebastian D'Souza na Frank Fernand ni baadhi ya Wagoa walioandika na kupanga muziki uliosikika dunia nzima kwa majina ya watu wengine. Mwaka 2008 mtafiti Gregory Booth alitoa kitabu kizima, Behind the Curtain, kilichojaa mahojiano na wanamuziki hawa wa nyuma ya pazia. Ni miongo mingi baada ya nyimbo zenyewe.

Kwa upande wa besi, mpigaji anayetajwa zaidi katika kundi la Burman ni Tony Vaz. Mwingine ni Charanjit Singh, ambaye pia alipiga gitaa na kinanda. Huyu tutarudi kwake, maana hadithi yake ina kifaa cha kielektroniki ambacho wasomaji wa hapa watakipenda.

Kwa nini besi zao ni ngumu hivyo? Nadhani sababu iko kwenye muziki wenyewe. Wimbo wa raga haukutungwa juu ya kodi. Una sauti moja inayotembea, na chini yake sauti ya kudumu isiyobadilika. Ukishaweka gitaa na vinanda vya Kizungu juu yake, lazima mtu aamue kodi ziende wapi, na mtu huyo mara nyingi ni mpiga besi. Basi akawa hapigi "dum, dum" ya kushika mdundo tu. Anaimba wimbo wa pili chini ya wimbo, anajibu mwimbaji anapovuta pumzi, anapanda mwimbaji anaposhuka. Ndiyo maana ami alirudi sinema mara nne.

Sauti ilipotelea wapi?

Kampuni ya Fender ilianza kuuza gitaa lake la besi la umeme, Precision, mwaka 1951. Kabla ya hapo ilikuwa ni lile gitaa kubwa la kusimamisha, na Bombay liliendelea kutumika kwa miaka mingi. Uzi mnene wa gitaa la besi hutoa noti ya E ya chini, yaani mitetemo 41.2 kwa sekunde (41.2 Hz). Shika namba hiyo.

Studio za enzi hizo hazikuwa na anasa ya kurekodi kila ala kwenye njia yake. Mwimbaji na okestra walikaa pamoja, maikrofoni chache, wakapiga wimbo kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mmoja akikosea, wote wanarudia. Kwa hiyo hakuna kabati lolote lenye kanda ya besi peke yake. Haikuwahi kuwepo.

Halafu sauti ikapelekwa kwenye ukanda wa filamu, ikachorwa kama mstari wa mwanga pembeni ya picha. Mfumo wa sauti wa majumba ya sinema wa zama hizo ulipunguza sauti za juu sana ili kuficha mikwaruzo, na chini ya Hz 100 nako ulianza kupunguza. Kwenye santuri nako besi hupunguzwa wakati wa kukata mifereji, maana mawimbi yake mapana yangemfanya sindano aruke, kisha amplifaya huirudisha wakati wa kucheza. Kwenye redio ndogo ya betri, spika ya kiganja haiwezi kabisa kutoa Hz 41.

Sasa ajabu: mbona bibi zetu waliisikia besi kwenye redio hizo hizo? Kwa sababu uzi ukitetema kwa Hz 41.2, hutetema pia kwa mara mbili yake, mara tatu, mara nne na kuendelea. Hizi huitwa harmoniki. Sikio likipata 82, 124 na 165, ubongo unajaza wenyewe ile 41 iliyokosekana. Yaani nusu ya besi tuliyoipenda utotoni ilipigwa na akili zetu!

Kosa langu la kwanza: kanda ya video

Nilianza na kanda ya VHS iliyokuwepo nyumbani. Niliingiza sauti kwenye tarakilishi, nikachukua gitaa, nikajaribu kufuatisha. Kila noti ilikaa katikati ya vidole viwili, si hapa wala pale. Nikalaumu gitaa, nikalaumu kanda imevutika, nikalaumu masikio yangu.

Ukweli ni hesabu ya darasa la saba. Filamu hupigwa picha 24 kwa sekunde. Televisheni ya mfumo wa PAL, tuliokuwa nao Kenya, huonyesha picha 25 kwa sekunde. Njia rahisi ya kuhamisha filamu ni kuikimbiza kidogo: 25 gawanya kwa 24, ongezeko la asilimia 4.2. Jicho halioni. Lakini sauti nayo inapanda, karibu saba kwa kumi ya nusu toni. Ndiyo maana vidole vyangu vilikosa mahali. Nilipopunguza kasi kwa kiwango hicho hicho, kila kitu kikakaa sawasawa.

Kosa la pili: kuamini mashine inaona noti

Zamani mtu akitaka kunasa solo ya haraka, aliweka santuri ya mizunguko 33 kwenye kasi ya 16. Wimbo unaenda nusu ya mwendo, na sauti inashuka oktava moja. Kwa tarumbeta ni sawa. Kwa besi ni balaa, kwa sababu Hz 41 inakuwa Hz 20 na sikio haliipati tena. Programu za leo zinaweza kupunguza mwendo bila kushusha sauti, au hata kuipandisha besi oktava moja ili isikike vizuri. Audacity, programu ya bure iliyotolewa mwaka 2000, inafanya yote mawili.

Lakini mimi mwana programu nilitaka tarakilishi initajie noti. Niliandika programu fupi inayokata sauti vipande vya sampuli 4096 na kupima mitetemo iliyomo. Sauti ya diski ina sampuli 44,100 kwa sekunde, hivyo kila kipande ni kama sekunde 0.09, na mashine inatofautisha mitetemo kwa hatua za karibu Hz 11. Sasa angalia: E ya chini ni 41.2, F inayofuata ni 43.7. Tofauti haifiki Hz 2.5! Kwa programu yangu, E na F ni kitu kimoja.

Ili kuzitenganisha unahitaji kipande cha sekunde 0.4 hivi. Lakini katika wimbo wenye mapigo 120 kwa dakika, robo ya pigo ni sekunde 0.125. Mpigaji ameshacheza noti tatu wewe bado unapima ya kwanza. Kosa hapa si la programu. Hesabu yenyewe inakataa: ukitaka kujua noti vizuri utapoteza wakati wake, ukitaka wakati utapoteza noti.

Ufumbuzi ni kufanya kama ubongo: acha msingi, tazama harmoniki. Harmoniki ya tano ya E ni Hz 206, ya F ni Hz 218. Tofauti sasa ni 12, na sekunde 0.08 zinatosha kuziona. Nilipobadilisha programu itafute huko juu, mistari ikaanza kujitokeza kwenye skrini.

Mashine iliyokuja kumrithi mpigaji

Niliahidi kurudi kwa Charanjit Singh. Mwaka 1981 kampuni ya Roland ya Japani ilitoa kisanduku cha TB-303, kilichobuniwa na Tadao Kikumoto. Kazi yake ilikuwa kumpigia besi mpiga gitaa asiye na mwenzake. Kilishindwa kabisa. Hakikutoa sauti ya gitaa la besi, kilikuwa kigumu kukipanga, na mwaka 1984 kiliachwa kutengenezwa.

Singh, ambaye riziki yake ilikuwa ala na vidole, alikinunua. Mwaka 1982 alirekodi raga kumi kwa kutumia TB-303, mashine ya ngoma TR-808 na sinthesaiza Jupiter-8. Aligundua kwamba kile kisanduku kinaweza kuteleza kutoka noti hadi noti, na raga inapenda kuteleza. Albamu haikuuzika. Miaka mitano baadaye, 1987, vijana wa Chicago waliojiita Phuture walitoa "Acid Tracks" kwa kisanduku hicho hicho, na mtindo mzima wa dansi ukazaliwa. Nakala ya Singh iliokotwa Delhi mwaka 2002 na mkusanyaji wa santuri, ikatolewa upya mwaka 2010, na mzee akaitwa kupiga Ulaya. Alifariki mwaka 2015. Angalau yeye dunia ilimjua jina kabla hajaondoka.

Ami dhidi ya programu

Mwaka 2019 zilitoka programu zinazojifunza kutenganisha ala, kama Spleeter ya Deezer na Demucs ya watafiti wa Facebook. Unazipa wimbo, zinakurudishia sauti, ngoma, besi na mengineyo. Nilifurahi kama mtoto. Nilipitisha orodha yote ya ami, nikampelekea.

Wimbo wa kwanza alitabasamu, akatikisa kichwa. Wimbo wa pili, wenye tabla nyingi, akanyoosha mkono: "Simamisha. Hapo, ile inayopinda. Hiyo si besi."

"Ami, mashine imeitoa kwenye besi."

"Mashine haijui kitu. Hiyo ni tabla, ile ngoma kubwa ya mkono wa kushoto. Anaikandamiza kwa kiganja, inalia *guuu*. Besi pale amenyamaza."

Nilirudi kwenye skrini. Kweli, mstari ule ulipinda kama mkunjo wa kamba, na gitaa lenye vituo shingoni halipindi hivyo. Sababu niliipata baadaye. Demucs ilifundishwa kwa mkusanyo wa nyimbo 150 uitwao MUSDB18, karibu zote za pop na roki za Kizungu. Kwake, sauti nzito inayoteleza chini ni besi. Haijakaa sinema ya Mombasa mara nne.

Palepale nikaelewa nilikuwa nimeshika kazi kinyume. Nilidhani natumia mashine kusahihisha kumbukumbu ya mzee, kumbe mzee ndiye hifadhi yenyewe. Pwani yetu ina wazee wengi wa namna hii. Taarabu ya Mombasa iliazima mahadhi ya Kihindi kwa miaka mingi. Marehemu Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, alipendwa sana kwa hilo. Waliopiga nyuma ya waimbaji hao nao majina yao yako kwenye vichwa vya watu, si kwenye majalada.

Kwa hiyo sasa nafanya hivi: mashine inapendekeza, ami anahukumu, mimi naandika noti kwenye faili ya MIDI ili mtoto yeyote aweze kuicheza. Pale alipokuwa akikosea kwa miaka arobaini (pako pawili), anacheka na kusema, "Basi hiyo yangu ilikuwa nzuri zaidi." Ninaandika zote mbili.

Na jambo la mwisho. Daktari wa masikio amemwambia kwamba uzeeni sauti za juu ndizo hutangulia kupotea, za chini hubaki nyuma. Siku hizi ami hasikii vizuri ndege wala simu ikilia. Besi anaisikia bado. Tuna nyimbo kumi na moja zimebaki kwenye ile karatasi.

Haya, kwa leo nakomea hapo. Kama nyumbani kwenu kuna mzee aliyewahi kupiga ala, mkalie kitako mwisho wa wiki hii, uwashe simu irekodi. Tuonane tena.