Mbaraka Mwinshehe na Ushairi wa Mji wa Morogoro

Historia ya ushairi wa Kiswahili kwa kawaida huandikwa kwa kufuata karatasi. Mshairi mwenye mswada, diwani, au shairi lililotolewa gazetini ana mahali pake. Aliyetunga kwa ajili ya gitaa na ukumbi wa dansi huachiwa watu wa muziki, nao watu wa lugha humsahau. Maisha ya Mbaraka Mwinshehe Mwaruka, aliyezaliwa mwaka 1944 na kukulia Morogoro, yaonyesha hasara ya mgawanyo huo. Kwani dhiki za mji wake na za zama zake hazikumpa mambo ya kuimba tu, bali zilimchagulia hata umbo la utungo.

Mji huo, uliolala chini ya milima ya Uluguru, ulikuzwa na reli. Garimoshi lilifika hapo kutoka Dar es Salaam mwaka 1907, na mashamba ya mkonge yakatanda kuelekea Kilosa, yakiwavuta vibarua kutoka nchi za mbali. Waluguru wengi walibaki milimani, wakishikilia ardhi ya koo zao; na mwaka 1955 waliipinga kwa ghasia amri ya serikali ya kikoloni ya kuchimba matuta ya ngazi, hata mtu mmoja akauawa. Huko juu manju aliwaimbia watu wa ukoo na kijiji, waliojua fumbo kabla halijatajwa. Chini mjini mambo yalikuwa mengine. Kibarua na karani, mwenyeji na mgeni, walikutana kwa Kiswahili. Na aliyetaka kuwaimbia wote ilimpasa atumie maneno mepesi yasiyodai ujuzi wa mila ya mahali pamoja. Wepesi huo umehesabiwa na baadhi ya wahakiki kuwa upungufu wa sanaa. Kwa hakika ulikuwa sharti la hadhira.

Njia ilifunguliwa na Salum Abdallah, mzaliwa wa Morogoro (1928–1965), mwanzilishi wa bendi ya Cuban Marimba. Yeye alizichukua sauti za Cuba zilizosikiwa katika santuri, akazitilia maneno ya Kiswahili. Alifariki katika ajali ya barabarani, na katika miaka hiyo hiyo ya 1960 Mbaraka akajiunga na Morogoro Jazz.

Dhiki ya pili ilikuwa ya vyombo. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kuchapa sahani za santuri. Redio ya Dar es Salaam ilizirekodi bendi, lakini aliyetaka sahani iuzwe madukani alitazamia Kenya. Upande mmoja wa sahani ndogo ulichukua dakika chache tu. Mtunzi wa utenzi aweza kuanza kwa dua, akaenda beti mia na zaidi. Mtunzi wa sahani alilazimika kutaja shauri lake mara moja, kulikaza kwa kiitikio, kisha kuliachia gitaa.

Hata hivyo kazi ya mshairi haikubadilika. Mnamo tarehe 25 Desemba, 1971, Dakta Wilbert Kleruu, Mkuu wa Mkoa wa Iringa, aliuawa katika ugomvi uliohusu kilimo cha ujamaa. Mbaraka alimtungia wimbo wenye jina lake. Hapo dansi ilibeba wajibu ambao kwa karne nyingi ulibebwa na watunzi wa pwani: kuweka kumbukumbu ya msiba na kuwapa watu maneno ya kuupokea.

Mwaka 1973 alitoka Morogoro Jazz, akaunda Super Volcano. Miaka minne baadaye Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na Februari 1977 mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa. Siasa iliwatenga hivyo watunzi wa Tanzania na mahali sahani zao zilipochapwa. Lakini nyimbo hazikufungika, na wimbo wake uitwao “Shida” ulipendwa sana upande wa pili. Januari 1979, mpaka ungali umefungwa na nchi yake ikipigana na majeshi ya Idi Amin, Mbaraka alifariki katika ajali ya gari huko Kenya, akiwa na umri wa miaka 34. Si ajabu kwamba malenga wawili wa Morogoro walikufa barabarani: mtunzi wa aina hii hali kwa kalamu, hula kwa safari.

Yafaa basi tungo zao zinakiliwe kwa uangalifu ule ule unaopewa miswada ya tenzi, beti kwa beti, pamoja na tofauti za maneno baina ya sahani na redio. Mswada wa kale humwacha mhakiki akibahatisha matamshi ya mtunzi. Sahani imeihifadhi sauti yenyewe. Kilichobaki ni kuiandika.